Siku Niliyoutafuta Mto wa Mama wa Kupigia Magoti

Nyinyi wateja wangu wa kibandani mmeuliza sana kwa nini nilifunga jiko siku ile ya mgomo, na kila nikianza kuwasimulia, chapati zinaungua. Kwa hiyo nimeandika. Someni mkinywa chai, na msinipakie karatasi mafuta. Shule niliiachia darasa la saba, lakini kuandika sikukusahau.

Kwanza mjue mto wenyewe. Baba alipofariki niliacha shule nikamsaidia Mama kupika. Sweta yangu nyekundu ya shule ikabaki haina kazi, na Mama hakuwa mtu wa kuacha kitu kikae bure. Akaikata, akashona mto, akaujaza vipande vya sponji alivyookota kwa mafundi wa sofa kule Kawangware. Huo ukawa mto wake wa kupigia magoti, asubuhi na jioni, akiwa na hamu au hana.

Alituombea kwa mpangilio wa kuzaliwa: mimi Nekesa kwanza, halafu Barasa, halafu Wafula, halafu Nanjala, kitinda mimba. Mimi na Barasa tuliombewa vizuri, kwa maelezo. Wafula aliguswa juu juu. Akifika kwa Nanjala, Mama alikuwa ameshinda kwenye moshi tangu alfajiri, na usingizi unambeba akiwa hapo hapo magotini. Nanjala, aliyekuwa amejilazimisha kukaa macho ndani ya blanketi, anamvuta nguo: "Mama! Bado mimi!" Mama anashtuka, anasema, "Na Nanjala pia, Bwana, unamjua huyo," halafu Amina.

Mama naye alipotuacha, tuliamua mto uzunguke kwa zamu. Kanuni ni zile zake. Mwenye mto huwataja wengine kwa majina, mkubwa kwanza, asubuhi na jioni. Na hajiombei mwenyewe. Mama alisema ukianza kujiombea ukiwa juu ya mto ule, hutafika kwa wenzako, shida zako zitajaza usiku.

Nanjala alikataa zamu. Baada ya mazishi alisema yeye na Mungu wamenyamaziana. Hatukumgombeza. Kila zamu yake ikifika tuliiruka, mto ukarudi kwangu, nami nikaomba. Sisemi kuomba ni kutamu. Kuna asubuhi nataja majina huku akili iko kwa bei ya unga. Lakini unga haukandwi kwa sababu mtu ana hamu ya kukanda. Unakandwa kwa sababu watu watakuja kula.

Sasa, jioni moja Nanjala akanipigia simu kutoka Kinoo. Mnajua alikuwa na uvimbe tumboni, na alikuwa anaingia hospitali kesho kutwa alfajiri kufanyiwa upasuaji. Hakuzunguka mbuyu.

"Dada, niletee mto wa Mama kabla sijaingia."

Nilikaribia kuangusha simu kwenye karai. Nanjala anataka kuomba! Nikamwambia kesho utaupata, hata kama ni kwa meno. Nilipokata simu ndipo nikakumbuka mambo mawili. Mto haukuwa kwangu, ilikuwa zamu ya Barasa mjini. Na redio ilikuwa imesema kesho matatu zinagoma.

Kabiria hadi mjini

Nilitoka jua halijachomoza, na nusu ya mtaa wetu wa Kabiria ilikuwa barabarani. Siku ya mgomo ndiyo utajua jirani zako wana miguu ya aina gani. Wanaume wa suti walivaa raba. Wadada wa ofisini walibeba viatu vyao virefu mkononi kama kuku wanaopelekwa sokoni. Wenye bodaboda walikuwa wamepandisha bei hadi ukiuliza tu unahisi umeshatozwa. Nikatembea.

Kawaida huwa naomba kando ya jiko kabla sijawasha. Siku hiyo nilimwambia Mungu tutaonana njiani, kuna haraka. Kabla hatujafika Lavington, mmoja wenu, simtaji, yule fundi wa mjengo anayekula chapati kumi kwa chai moja, akanikamata.

"Mama Chapo! Kwani leo tunakula nini?"

"Kuleni mawe. Naenda kutafuta mto."

"Mto? Si ulale juu ya shati kama sisi."

"Ni wa kuombea."

"Aa, huo. Basi niombee mgomo uishe."

"Jiombee, una mdomo."

Alinifuata hadi karibu na Valley Road akilalamika kwamba njaa ya asubuhi ni dhambi ya mpishi. Katika hali hiyo nani anaweza kuomba? Nikasema nitaomba mjini.

Uchochoro wa Barasa

Barasa, ndugu yangu wa pili, hutengeneza spika na simu katika uchochoro nyuma ya River Road. Msiniulize kwa nini sikumpigia. Simu ya fundi wa simu haiwaki, ni kama vile nyumba ya fundi wa paa huvuja. Nilipofika, mahali pa kibanda chake palikuwa na mwanamume anayeuza soksi.

"Wenye jengo waliwahamisha," akasema. "Wako hapa hapa, lakini sijui ni hapa gani."

Nilizunguka vichochoro hadi nikaanza kusalimiana na watu kwa mara ya tatu. Kwenye kona moja kulikuwa na mhubiri wa barabarani na spika kubwa, anawaambia waliochelewa kazini kwamba mgomo huu ni dalili ya mwisho wa dunia. Spika ilikuwa imefungwa utepe wa manjano kila upande. Hapo nikajua. Barasa hufunga kila kitu kwa utepe wa manjano, hata sufuria yangu aliwahi kuifunga.

"Mtumishi, aliyetengeneza hii spika yuko wapi?"

Mhubiri akafunika maikrofoni kwa kiganja. "Barasa? Yuko karibu, lakini amejificha. Spika yangu inanguruma tangu jana, na ameshajua nitamshika."

"Mimi ni dada yake."

"Basi mwite wewe. Mimi akinisikia atatoroka." Akanipa maikrofoni.

Sikuwahi kushika kitu kile maishani. Nikapaza sauti kana kwamba niko ng'ambo ya bonde. "Barasa! Toka hapo uliko! Mto uko wapi?"

Mtaa mzima ukageuza shingo. Halafu wanawake wawili waliokuwa wakiuza ndizi wakanisogelea. Mmoja akanishika bega.

"Pole, mami. Amekuachia watoto wangapi?"

"Hapana, ni mto wa mama yangu..."

"Hadi wa mama mkwe amebeba!" mwenzake akalia. "Barasa! Rudisha mto wa watu!"

Kufumba na kufumbua uchochoro wote unaimba, Barasa rudisha mto, na mhubiri anapiga makofi kushikilia mdundo. Barasa akatoka kwenye mkahawa mdogo mikono juu, kipande cha chapati mdomoni. Mama wa ndizi alimlamba kisogo kwa gazeti lililokunjwa.

"Ni dada yangu! Aki ni dada yangu!"

"Wote husema hivyo!"

Tulikimbilia ndani ya mkahawa. Barasa akaniagizia chapati na maharagwe. Sitasema mengi kuhusu chapati ile, ila ungeweza kusoma gazeti lililo upande wa pili wake. Nikamuuliza tena mto uko wapi.

"Dada, nilimpea Wafula."

"Na zamu yako haijaisha!"

"Sikia kwanza. Hapa napiga magoti wapi? Nilikuwa naukalia, simenti ni baridi, naomba nikifanya kazi. Halafu risasi moto ya kulehemu ikaanza kudondokea mto. Uko na matundu mawili. Nikaona kabla niuchome wote, nimpelekee Wafula. Kule Kitisuru kuna nyasi hadi ya kulala."

"Na sasa unaomba saa ngapi?"

"Nikishika waya za moto. Hapo huwa naomba kutoka moyoni."

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Nikamwambia kuhusu Nanjala. Barasa aliacha kutafuna.

"Nanjala ndiye ameuitisha? Huyo wetu?"

"Huyo."

"Hata kama ni kwa woga, sawa tu." Akajifuta mdomo. "Mimi pia huomba kwa woga."

Tukarudi kwa yule mwenye soksi, Barasa akaazima simu yake, tukampigia Wafula. Wafula akasema, "Mto uko, Dada, lakini kuna shida ndogo ya..." halafu salio la mwenye soksi likaisha. Mwenye soksi akatutazama kama wezi. Nikaondoka. Jua lilikuwa limeshapanda utosini, na sala ya asubuhi bado ninayo mfukoni.

Kupanda Kitisuru katikati ya maua

Baada ya Westlands magoti yangu yalianza kusema. Pikapu ya maua ikasimama kando yangu, dereva akatoa kichwa. "Mama, unapanda juu? Ingia nyuma, lakini usikalie mawaridi."

Nilishukuru mapema mno. Alikuwa anapeleka vyungu kila geti la barabara ile, na kila geti walidhani mimi ni mfanyakazi wake. Nyumba ya kwanza nilishusha vyungu viwili kwa adabu. Nyumba ya pili bibi mmoja alinielekeza nivipange kwenye ngazi, akasema havijanyooka, nikavipanga tena. Nyumba ya nne niligoma kama matatu. Dereva akacheka hadi akapiga honi bila kukusudia.

Shida ndogo

Wafula, wa tatu wetu, ni mtunza bustani kwa mama mjane mwenye umri mkubwa ambaye wote humwita Shosho. Alinifungulia geti akiwa na gambuti miguuni na uso wa mtu aliyevunja sahani.

"Dada, usikasirike."

Kwenye veranda kulikuwa na mbwa mzee wa kahawia. Chini ya mbwa kulikuwa na sweta yangu ya darasa la saba.

"Anaitwa Bishop," Wafula akanong'ona. "Nilikuwa naomba stoo kila asubuhi, naye anakuja kukaa kando yangu, mwaminifu kuliko washirika wengi wa kanisa. Halafu akaugua. Siku hiyo akapanda juu ya mto, na mpaka leo hashuki. Ukimgusa ananguruma. Shosho alisema asisumbuliwe."

"Na wewe unaomba wapi?"

"Kando yake. Tumebadilishana."

Kabla sijajibu, Shosho akatoka na mkongojo. Nilipomwambia nimetoka Kabiria, akashika kifua. "Haiya! Na miguu? Wafula, mlete dada yako ndani, ale kwanza."

Mukimo wa viazi na mahindi yaliyopondwa ulikuwa moto, na nyama juu yake. Ndipo Shosho akainamisha kichwa kuombea chakula. Aliombea mikono iliyopika, shamba lililotoa viazi, wajukuu wake walio ng'ambo kwa majina na kwa shule zao, mvua, na mgomo. Nilifungua jicho moja nikaona mvuke umekwisha. Tulikula ukiwa baridi, na bado ulinishinda kwa utamu.

"Shosho," nikauliza, "kwa nini mbwa mkamwita Bishop, kama askofu?"

"Ni mzee wangu alimpa hilo jina. Alisema anakula kabla ya wengine na analala ibada ikianza."

Nikaona huyu ni mtu wa kuambiwa ukweli. Nikamweleza mto ni wa nani, na dada yetu mdogo anaingia wapi alfajiri. Akamgeukia Wafula. "Mbona hukusema, wewe?"

"Shosho, ulisema asisumbuliwe."

Mama yule akamtazama mbwa wake. Alikuwa amebaki naye tu katika nyumba ile kubwa, hilo lilionekana. "Mimi kumvuta siwezi," akasema. "Muombee kwanza. Akishuka, enda na mto wako."

"Shosho, sijawahi kuombea mbwa."

"Umewahi kuombea wanasiasa?"

"Ndiyo."

"Basi."

Nikapiga magoti kwenye sakafu, Wafula akavua gambuti kwa heshima. Nikasema, "Bwana, huyu ni Bishop. Anaumwa. Mponye, na kama ni kupumzika, mpumzishe taratibu. Na umshushe kutoka kwenye mto wa Mama kabla jua halijatua. Amina."

Bishop alifungua jicho moja, akajamba, akalifunga.

Shosho akasema amina hata hivyo. Mimi nikafungua leso yangu kiunoni nijipepee, na leso ile mnaijua, imekunywa mafuta ya chapati kwa miaka. Pua ya Bishop ikatikisika. Akanyanyua kichwa. Niliiweka leso sakafuni hatua chache kutoka kwake, tukangoja bila kupumua. Akainuka kwa miguu inayotetemeka, akajikokota, akailalia leso, akaanza kuilamba. Wafula akaunyakua mto kama golikipa.

"Bwana asifiwe!" Shosho akalia machozi. "Hakuwa amelamba kitu tangu Jumapili!"

Sikutaka kumweleza habari ya mafuta. Mungu ana njia zake, na mojawapo huenda ni mafuta ya kupikia. Leso niliiacha pale.

Kizuizi cha Loresho

Kutoka Kitisuru nilikata kupitia Loresho nitokee Waiyaki Way, mto kichwani, manyoya ya mbwa yakinidondokea shingoni. Kwenye kizuizi cha mtaa mlinzi kijana akanyoosha rungu.

"Mama, simama. Umetoa wapi hiyo mto?"

"Ni wa Mama."

"Mama wa nyumba gani?"

"Mama yangu. Marehemu."

"Marehemu anakaa Loresho?"

"Ni mto wa kuombea, kijana wangu. Napeleka Kinoo kwa mgonjwa."

"Hapa kila mtu nikimshika anasema alikuwa kwa maombi. Kama ni ya kuomba, omba nione."

Nilikuwa nimechoka, jua linashuka, na Nanjala ananingoja. Nikauweka mto kwenye lami, nikapiga magoti, nikasema kwa sauti: "Bwana, mwone huyu kijana aliyenizuia. Giza likinikuta hapa, wewe unajua aliyelileta. Amina."

Kofia ya mlinzi ilikuwa imeshatoka kichwani. "Mama, si lazima tufike huko. Pita, pita."

Nilipokuwa nimekwenda kidogo nikasikia mbio nyuma yangu. "Mama! Naitwa Kevin. Kama ni majina unataja ukiomba."

Nikamwambia foleni ni ndefu, lakini nimesikia.

Kinoo

Nanjala amepanga chumba juu ya bucha, kando ya barabara kuu. Nilimkuta ameketi kitandani, begi la hospitali limefungwa mlangoni, uso umekonda. Nikaingia na mto kama mtu aliyeleta kombe.

"Mbona unanuka mbwa?" ndiyo salamu niliyopata.

"Ni habari ndefu. Kuna Bishop ndani yake." Nikauweka mbele yake sakafuni, nikaupigapiga ujae vizuri. "Haya, mdogo wangu. Piga magoti."

Akanitazama. "Nani? Mimi?"

"Si wewe uliuitisha?"

"Dada, nilisema uulete. Sikusema nitaupigia magoti."

Nikakaa chini pale pale. Miguu yangu ilikuwa inawaka kutoka Kabiria hadi Kinoo, na moyo ukaanza kuwaka pia. Nanjala hakuniacha nifike huko.

"Mwenye mto hajiombei. Ama mmebadilisha kanuni?"

"Hatujabadilisha."

"Sasa nikikaa nao mimi, nani ataniombea? Barasa na waya zake?"

"Nanjala, ungesema tu, ningekuombea nikiwa Kabiria. Kwani Mungu hafiki Kinoo?"

"Anafika. Lakini mimi sitasikia." Akageukia dirisha. Chini, mwenye bucha alikuwa anakata mifupa. "Mama alikuwa anasinzia, lakini nilikuwa nikimvuta anafika kwangu. Nilikuwa nasikia na masikio yangu. Kesho wananilaza pale juu ya meza, Dada, na sijasikia jina langu tangu afe. Nataka tu kusikia ukifika."

Nikaupigia magoti mto, kichwa nikakiegemeza kwenye godoro karibu na goti lake. Na hapo ndipo nikatambua kwamba siku nzima niliyoshinda nikiutafuta mto wa maombi, nilikuwa nimeomba mara mbili tu, moja ya mbwa na moja ya kumtisha mlinzi.

Nikaanza kwa Barasa, kwa maelezo: mikono yake, waya zake, spika inayonguruma. Nikaenda kwa Wafula, nikamwingiza Bishop hapo hapo, na Shosho katika nyumba yake kubwa, na Kevin wa Loresho. Godoro lilikuwa laini. Sweta ilikuwa na joto bado. Nikasema, "Na tena, Bwana..." na nadhani Bwana naye alisubiri, kwa sababu kilichofuata ni mkono kunivuta gauni kwa nguvu.

"Dada! Bado mimi!"

Nikashtuka. Nanjala alikuwa ameshika gauni langu kwa mikono miwili. Tukatazamana. Sote wawili tulisikia alichokisema. Tukaanza kucheka, akawa analia na kucheka huku ameshika tumbo, ananisihi nisimchekeshe anaumia, hadi mwenye bucha akagonga dari kwa mpini wa kisu.

Ndipo nikamwombea Nanjala, kwa maelezo, macho yasiyo na usingizi. Nilichosema hakiwahusu nyinyi.

Nyumbani

Mliuliza mgonjwa yuko vipi. Upasuaji ulienda vizuri, uvimbe ulikuwa uvimbe tu, na hadi leo analalamikia uji waliompa hospitali, kwa hiyo mjue amepona. Bishop anakula. Leso yangu Shosho amekataa kuirudisha. Barasa ametengeneza ile spika, au angalau ameifunga utepe mpya.

Mto hauko hapa, msiutafute. Nilipoenda kumtoa Nanjala hospitali nilitaka kuubeba nirudi nao Kabiria, akauweka chini ya kwapa akasema ni zamu yake. Hakueleza zaidi, nami sikuuliza. Matundu ya Barasa nilikuwa nimeshayashona, ila harufu ya mbwa imekataa kutoka.

Jana jioni nikiwa nakanda unga simu ikalia. Ilikuwa yeye, sauti nzito ya usingizi.

"Dada, nimekutaja. Barasa na Wafula bado, na macho yananifunga."

"Nanjala, maliza kwanza."

"Nitamaliza," akasema, akipiga miayo. "Lakini wewe umeshapita."